Magwanda ya Jeshi la Marekani Peke Yake Hayakupi Uraia

Wapo waliolitumikia jeshi la Marekani kwa miaka, kisha wakafukuzwa nchini humo, kwa sababu waliamini kiapo cha siku ya kuandikishwa kilishawafanya raia. Kiapo cha jeshi ni kimoja, cha uraia ni kingine, na hicho cha pili hukili mpaka uombe. Inauma zaidi ukijua kwamba kwa mwanajeshi maombi hayo hayalipiwi ada.

Kwanza, ili uandikishwe jeshini, uwe na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mpango wa MAVNI, uliopokea wageni wenye viza za muda wanaojua mojawapo ya lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, ulisimama mwaka 2016. Anayekuambia viza ya mwanafunzi inatosha anakupotosha.

Sheria ya uhamiaji na uraia ya Marekani ina njia mbili za mwanajeshi kuomba uraia. Kifungu cha 328 ni cha wakati wa amani, na kinadai mwaka mmoja wa utumishi wa heshima. Kifungu cha 329 ni cha wakati wa vita. Agizo la Rais George W. Bush la Julai 2002 lilihesabu kipindi hicho kuanzia 11 Septemba 2001, na hakijafungwa, kwa hiyo wengi hupitia hapa. Hungoji ile miaka mitano ya ukaazi, na tabia njema hupimwa kwa mwaka mmoja kabla ya kuomba. Askari wa akiba naye anahesabiwa, mradi awe katika Selected Reserve, kundi la akiba linalofanya mazoezi ya mara kwa mara.

Fomu ya maombi ni N-400, lakini inayokwamisha watu ni N-426, ile ya kuthibitisha utumishi wako. Haitiwi saini na sajenti wa platuni yako; ni afisa aliyeidhinishwa tu. Anzia ofisi ya utumishi ya kikosi, na uifuatilie mwenyewe. Kagua majina herufi kwa herufi: sisi wa majina matatu mara nyingi tunaandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye grini kadi na mwingine kwenye rekodi za jeshi, na tofauti hiyo huzua maswali. Ukishatoka jeshini, N-426 yako inakubaliwa bila saini hiyo, mradi uipeleke pamoja na DD-214, hati ya kuachishwa jeshini, nakala inayoonyesha aina ya kuachishwa kwako. Nakala fupi isiyoonyesha hilo haifai.

Ukihamishwa kambi, wajulishe USCIS, idara ya uraia na uhamiaji inayopokea maombi yako, anwani mpya mara moja, la sivyo barua ya mahojiano itakwenda ulikotoka. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu 20 Oktoba 2025, mtihani wa uraia una maswali 20 kutoka orodha ya 128, na unahitaji kupata 12. Kusoma na kuandika Kiingereza kupo pia.

Mambo mawili ni ya kuogopa. Ukiachishwa bila heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima, uraia unaweza kufutwa. Na usikubali kamwe kuomba kuachiliwa jeshini kwa hoja kwamba wewe ni mgeni. Hata kama mtu anakuambia ndiyo njia rahisi ya kutoka, hoja hiyo inakufungia uraia wa tajnisi maisha yako yote.

Ukipata cheti, peleka nakala ofisi ya utumishi ya kikosi ili rekodi yako ibadilishwe. Kazi zinazohitaji kibali cha siri hupewa raia, na rekodi ikibaki inasema wewe ni mgeni, utaendelea kurukwa.