Tuzo ya mwaka haipimwi kwa mrusho mmoja

Jana usiku nimerudia kutazama ule mrusho wa James Conrad kwenye gofu ya visahani (disc golf, mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kikapuni), Ogden, Utah, Marekani, 2021. Shimo la 18, kama mita 75, kisahani kikazama kikapuni! Akalingana kwa matokeo na mpinzani wake Paul McBeth, kisha akambwaga kwenye mchujo na kutwaa ubingwa wa dunia. Hadi leo mwili unanisisimka.

Ila kaka yangu anashikilia kwamba mrusho ule ulitosha kumpa na tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka. Hapana, kaka. Ubingwa ni wa wiki moja. Tuzo ya mwaka ipime msimu mzima. Hata alama za ubora wa wachezaji za PDGA, chama cha mchezo huu, hukusanya raundi za miezi 12, na zile za karibuni huhesabiwa mara mbili. Nyie mnasemaje?