Siku moja maishani mwangu: nafanya kazi ya mikoko Kwale

Watu wakisikia nafanya kazi ya mikoko wanadhani nashinda nikipanda miti, napigwa picha, naenda zangu nyumbani. Wacha niwaeleze siku moja ya wiki iliyopita, ilikuwa bamvua, siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana, hapa Kwale si mbali na Gazi.

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka, nimeswali, chai na mahamri ya jana, boda mpaka ufuoni. Kumi na mbili na nusu niko kitaluni na kina mama wa kikundi, tunakagua miche ya mchu, aina moja ya mikoko, iliyoliwa na kaa tunaitoa.

Saa mbili wageni walitakiwa wawe wamefika. Ni kampuni moja ya Nairobi, waliomba kuja kupanda na wafanyakazi wao, walilala Mombasa, na saa mbili niliichagua kwa sababu siku hiyo maji yalikuwa yanapwa kabisa saa nne na nusu, na pale tunapopanda lazima uvuke mkono wa bahari kwa miguu. Ikifika saa sita hauvukiki tena. Bamvua huku maji yanapanda zaidi ya mita 3, na hayamngojei mtu.

Saa tatu napiga simu, wako kwenye foleni ya feri. Saa nne napiga, wameshuka kunywa chai. Chai! Kina mama wako pale tangu alfajiri, mmoja ameacha samaki wake wa kukaanga ambao ndio riziki ya siku, wamekaa na ndoo za mbegu za mkoko, na mwenyekiti wetu kila nikimtazama yeye anatazama maji tu haongei.

Saa sita kasoro basi ndio linaingia. T-shati mpya, bango, mpiga picha na droni yake. Kiongozi wao akautazama ule mchanga mweupe mbele ya kijiji akasema hapa hapa panatosha, na picha zitatoka safi. Nikamwambia hapa mkoko haushiki. Akasema kwani si bahari ni ile ile. Basi nikaanza kumueleza, jua la utosi, sijala tangu yale mahamri, kwamba mikoko ni aina nyingi, mlilana ndio unaokaa mbele kupokea mawimbi, mkoko wenyewe uko nyuma yake kwenye matope, mkandaa uko juu zaidi kule ambako maji hufika bamvua tu, kila mti na mahali pake, na ukichomeka mbegu mchangani kusi likivuma asubuhi utazikuta zote zinaelea. Na kule mbele penye nyasi za bahari ndiko samaki wadogo wanakulia na ndiko kina mama wanatafuta pweza, sasa nikupandie miti hapo nimuharibie mtu riziki yake? Akanijibu wamelipia miche na ofisini kwao wanataka idadi. Nikamueleza tena. Akanijibu vile vile. Mpiga picha naye ameshaanza kutundika bango.

Mwenyekiti ndiye aliyemaliza maneno. Akaja polepole na leso yake kiunoni akamwambia, "Mwanangu, karibu sana. Lakini nyinyi mutaondoka, mimi ndiye nitapita hapa kila siku nione vijiti vimekufa. Leo maji yameshatuwahi. Njooni kitaluni, kazi iko."

Wengine walinuna, kiongozi alirudi kukaa ndani ya basi, lakini wengi wao, nawashukuru, walivua viatu wakaingia kujaza matope kwenye mifuko ya miche. Kazi ngumu hiyo, matope ni mazito na yananuka na mgongo unauma. Msichana mmoja akaniuliza kwa nini musiache tu miti ijiotee? Swali zuri sana. Nikamwambia mahali pengi inajiotea yenyewe, mti mzazi ukiwa karibu na tope likiwa sawa sisi hatugusi. Tunapanda palipoharibiwa pakakataa kurudi, kama Gazi ambako miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa kuni za viwanda. Nikampeleka kwenye mchu mkubwa nikamuonyesha ile mizizi iliyosimama nje ya tope kama penseli, nyembamba, ukiigusa ni laini kidogo. Mti unapumulia hapo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kule Mwache, karibu na Mombasa, ukaifunika mizizi kama hii, mikoko ikafa imesimama. Alichutama pale akiishika mpaka wenzake wakamuita.

Walipoondoka sijui ilikuwa saa ngapi, nilikula wali wa baridi nimesimama halafu moja kwa moja mkutanoni na vijana wanaokata boriti za mikoko. Nikawaelezea Mikoko Pamoja, mradi wa wenzetu wa Gazi na Makongeni, tangu 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko na pesa za kaboni, yaani malipo ya hewa ya ukaa ambayo miti inaihifadhi, zinaleta maji na vitabu vya shule. Kijana mmoja akasema, "Bro, mimi nakula leo jioni, hiyo kaboni inanilipa lini?" Na ana haki kuuliza hivyo. Mvinje tunaowapa wapande mashambani ili wauze miti yao wenyewe unataka miaka kabla haujatoa nguzo, na huwezi kumwambia mtu mwenye watoto angoje miaka halafu ukapanda boda. Tumekubaliana watakutana na kikundi wazungumze doria zenye malipo. Tulibishana mpaka magharibi.

Usiku ndio ripoti. Macho yanafumba. Fomu inauliza miche iliyopandwa leo, nikaandika 0. Chini yake nikaandika mifuko iliyojazwa, na miche ya mwaka juzi ambayo iko hai, ingawa fomu haiulizi hiyo. Dakika kumi hazikupita bosi akanitumia meseji, mbona sifuri? Nikampigia nikamueleza yote mpaka kredi ikaisha. Kesho maji yanapwa kama saa tano na robo, tunavuka wenyewe.