Kakangu na injini za mvuke

Watu humwambia kakangu, mtu mzima mwenye usonji, "Toka ujichanganye na wenzako." Naomba tuache hilo. Starehe yake si nyama choma penye spika zinazotikisa meza. Anapenda treni, basi nampeleka Makumbusho ya Reli jijini Nairobi siku ya kazi asubuhi, kabla kelele hazijazidi. Pale ipo 5918, Mount Gelai, injini ya mvuke iliyoundwa Manchester miaka ya 1950. Huinama, akagusa gurudumu moja baada ya jingine, akihesabu kwa sauti ya chini. Simharakishi hata kidogo.

Ukimtafutia mtu burudani, anza na anachokipenda tayari, mwonyeshe picha za mahali mapema, mkubaliane ishara ya kuondoka. Yetu ni kugusa sikio; akiligusa tunaondoka, hata kama ndiyo tumefika.