Tulivyoondoa mahindi mabovu kwenye makande ya shule

Huku kwetu Kondoa hakuna anayehitaji kuelezwa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, tena kwa mahindi ya shambani mwao. Hata hivyo, nilipokabidhiwa chakula cha shule, mahindi ya mchango yalikuwa bado yanapokelewa kizamani: mzazi anatua gunia, jina linaandikwa, yanamwagwa kwenye rundo moja. Mmoja akileta yaliyovunda, wanakula wote.

Wapishi waliamini moto wa makande, unaowashwa alfajiri, unamaliza kila kitu. Lakini sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa. Ikabidi kazi ihamie mlangoni mwa stoo.

Kipimo cha maabara hatuna. Tuna chupa ya soda na chumvi. Unaikausha chupa vizuri, unatia punje, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, kisha unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi 13.5. Wazee wabishi niliwapa chupa waitikise wenyewe. Waliigeuzageuza juani, ubishi ukaisha. Ila chupa haijui sumu iliyokwisha kuingia, kwa hiyo baada yake kuna ungo. Zinatolewa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Yanayobaki tunayapeleka kukobolewa, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini.

Ugomvi haukukosekana. Baba mmoja alinijia juu: "Mwalimu, haya ndiyo tunayokula nyumbani. Ninyi mnataka ya wapi?" Sikumlaumu, mwaka ule mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Kamati ikaamua gunia lisirudishwe. Linaanikwa kwenye turubai la shule, linachambuliwa mwenyewe akiwepo, na kilichopungua anafidia kwa maharage au kuni kadiri anavyopata. Mtoto wake anakula kama wenzake.

Makapi yenyewe yalikaribia kuniletea kesi. Kila mtu ana kuku, na wapo wanaopika pombe. Lakini ng'ombe aliyelishwa sumukuvu huitoa kwenye maziwa, na kuku naye hudhurika. Basi yanafukiwa shimoni nami nikiwa nimesimama palepale, maana nawajua majirani zangu.

Karanga za kusaga za dukani, zile za kutia kwenye uji, nilizipiga marufuku moja kwa moja. Kilichokwisha sagwa utakichambuaje? Siku hizi tunanunua karanga nzima, tunazichagua, tunazikaanga na kuzisaga wenyewe. Bei ikipanda, uji unanywewa bila karanga, na mpaka sasa wanaolalamika ni walimu tu.