Mpera wa Kibada

Jumapili, saa tatu usiku

Leo nimevuka Daraja la Nyerere, hapa Dar es Salaam, kikazi kwa mara ya mwisho. Nilikwenda Kibada kukabidhi bustani ya mama aliyenipa kazi yangu ya kwanza mwaka 2016, nikiwa na panga, reki na mkasi wa kuazima. Nilipanga nizungumze kwa kifupi, nimtambulishe kijana, niondoke. Haikuwa hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyu?"

Nikamweleza kwamba huyu ndiye atakayekuja badala yangu. Akanyamaza, akaangalia mpera wake ulio karibu na kisima, kisha akauliza, "Nimekukosea nini?"

Swali hilo limekaa kifuani mpaka sasa, ndiyo maana naandika kabla sijalala.

Kwa miaka mitatu mauzo ya biashara yangu ya kutunza bustani yaligota kwenye shilingi milioni 5 kwa mwezi. Masika yakishika yanapanda hadi 7, jua likikaza yanashuka hadi 3 na kitu. Ukijumlisha mwaka ukagawanya, unarudi palepale. Na kila yalipogota, dawa niliyoijua ilikuwa moja: kutafuta wateja wengine. Nikapata wa Goba, nikapata wa Segerea, nikapata wa Mbagala. Kila geti jipya nilimshukuru Mungu. Sikuona kwamba kila tulipoongeza mmoja wa mbali, mwingine wa karibu alikuwa anatuacha bila kusema neno, kwa sababu tulimwahidi Jumatano tukafika Ijumaa, majani yameshafika magotini.

Dada yangu ndiye aliyeniamsha. Anafanya kazi ya hesabu, na Pasaka iliyopita alilala kwetu siku nne. Akaomba risiti zangu, nikamletea boksi la viatu. Alipomaliza hakunifokea. Alisema tu, "Mafuta ya gari yamezidi mbolea, miche na vifaa vyote vikijumlishwa. Wewe unauza bustani au unauza safari?" Akanipa daftari, akaniambia niandike wiki nzima: tumetoka saa ngapi, tumefika saa ngapi, mashine imewashwa saa ngapi.

Ukurasa wa Jumanne ninao hapa. Tumetoka Tegeta saa 12 asubuhi. Kibada saa 2 na nusu. Tumekata, tumepogoa, tumeondoka saa 5. Segerea saa 7 kasoro. Tumerudi Tegeta saa 12 jioni. Bustani mbili. Saa 12 za siku, na kazi yenyewe saa 5 hazikutimia. Vijana wanne nimewalipa kukaa nyuma ya kirikuu kwenye foleni, wanapigwa jua bure, na wao hawakuwa na kosa lolote.

Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Ugumu ambao nilikuwa nauita soko baya ulikuwa barabarani, na niliuchagua mwenyewe.

Tukachukua ramani, tukatia alama nyumba zote 31. Kati ya Tegeta, Mbweni na Mbezi Beach zilikuwa 22. Hizo 9 nyingine zilikuwa zimesambaa mji mzima. Uamuzi ulikuwa wazi hata kabla ya chai kupoa, lakini kuutekeleza kumenichukua miezi saba, kwa sababu kila jina kati ya yale tisa lina historia.

Kilichonishangaza ni kitu ambacho sikukitarajia kabisa: ukikaa eneo moja unaanza kulijua. Visima vingi vya Mbezi Beach karibu na bahari vina maji ya chumvi. Zamani nilipanda mawaridi kule kama nilivyoyapanda kwengine, ncha za majani zikaungua, mteja akanilaumu, nikabadilisha miche kwa hasara yangu. Sasa kabla ya kutaja bei naonja maji ya kisima. Yakiwa na chumvi, napanda paspalum, nyasi zinazoivumilia, na mawaridi nayaweka kwenye vyungu karibu na bomba la DAWASA, maji ya mji, kama lipo. Samadi naongeza mapema, maana mchanga wa kule haushiki maji. Haya sikufundishwa darasani. Nimeyajua kwa kupita mitaa ileile kila wiki, na wateja wanaambiana.

Halafu majirani. Tukimaliza kukata kwa mteja, nagonga geti linalofuata nikiwa bado na majani kwenye viatu. Mwenye nyumba ametuona tukifagia hadi nje ya ukuta, kwa hiyo maneno hayahitajiki mengi. Mteja wa geti la jirani hana gharama ya safari, na hiyo peke yake imeniwezesha kulipa vijana vizuri zaidi bila kupandisha bei.

Bei nayo tumeibadilisha kwa namna nyingine. Zamani nilitoza kila tunapokuja. Masika watu wanaita kila wiki, majani yanakimbia, jua likija wanasema, "Subiri kwanza, hayaoti." Vijana wangu wanakula kila mwezi, si masika tu. Sasa ni malipo ya mwezi yaliyo sawa mwaka mzima, na miezi mikavu tunafanya kazi ambazo masika hayaruhusu: kupogoa miashoki, kutengeneza kingo, kuongeza samadi, kutunza mipira ya maji. Watatu walikataa. Niliwaelewa.

Niandike na hili, maana lilinizuia muda mrefu: niliogopa kodi. Nilijua nikivuka milioni 100 kwa mwaka natoka kwenye kodi ya makadirio, inayokadiriwa kwa mauzo tu, naanza kuandaa hesabu kamili, na mbele yake kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Nikawa najiambia afadhali kubaki mdogo. Dada alinikalisha, akanionyesha kwamba kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT kilishapandishwa mwaka 2023 hadi milioni 200, na kwamba hesabu kamili ni daftari lilelile, ila linatunzwa vizuri. Mwezi wa nane nyumba za kupangisha za Mbezi Beach zilitaka risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, na kukata asilimia 5 ya malipo yangu kama kodi ya zuio, inayopelekwa serikalini. Nilitoa risiti, wakakata, nikachukua cheti changu cha zuio. Mkono haukutetemeka.

Agosti tulifanya milioni 6.4. Septemba 6.9. Oktoba 7.2, na mvua za vuli zilikuwa hazijaanza.

Lakini leo ilikuwa siku ya Kibada.

Kijana niliyemkabidhi amefanya kazi kwangu miaka minne. Anaishi Mjimwema, ana pikipiki, na kila siku alikuwa anaamka saa 9 usiku ili awahi Tegeta. Nimemuuzia mashine ya zamani ya kukatia majani, atalipa kidogo kidogo, na nyumba tatu za upande ule sasa ni zake. Jamaa zangu wanasema nimejitengenezea mshindani. Mimi naona mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku miaka minne kwa ajili ya biashara yangu.

Nilimwambia mama ukweli wote: foleni, mafuta, mara ngapi nimemchelewesha. Nikamwambia hakunikosea chochote, mimi ndiye niliyekuwa nashindwa kumhudumia anavyostahili na naona haya kusema. Alisikiliza. Kisha akamshika kijana mkono, akampeleka kwenye mpera.

"Tawi hili usiliguse. Hili linaelekea kwa jirani, kata baada ya mavuno, si kabla. Yeye alishawahi kulikata kabla."

Ni kweli, mwaka 2017. Kijana akatoa daftari mfukoni, akaandika.

Nimerudi na mfuko wa mapera. Kesho tunaanza Mbezi Beach saa 1 asubuhi, bustani saba, na ya saba ni geti ambalo sijawahi kuingia. Nimeshamwambia fundi mkuu aonje maji ya kisima kwanza.