Maiki ya gemu na sauti ya mama

Jumamosi binti yangu katoka stoo kashika maiki nyeusi yenye waya mrefu wa USB, ananiuliza baba hii ni ya nini, tuitupe? Nikamwambia usitupe, iweke hapo mezani nitakuambia. Mpaka leo sijamwambia, kila nikipita sebuleni naiona.

Ni ile ya Rock Band, gemu ya TV ya kupiga muziki kwa kufuata alama zinazopita kwenye kioo. Seti ya kwanza kabisa, iliyotoka Novemba 2007, sisi tukainunua mwaka uliofuata, Desemba, mimi na shemeji tulichanga. Mama alikuwepo Minneapolis, Marekani, wakati huo, alikuja kumlea dada aliyejifungua, miezi miwili sasa yuko ndani tu, nje theluji, hana jirani wa kuongea naye, TV ya Kiingereza, kazi yake mtoto na jiko. Siku nzima unasikia ufagio na maji ya bomba.

Boksi lenyewe lilikuwa zito, tulilipandisha ngazi watu wawili. Tukalifungulia palepale kwenye kapeti. Gita lina umbo la Fender Stratocaster, dramu ya vipande, vijiti viwili vya mbao, maiki, na kile kidude cha kuchomekea nyaya zote kwa pamoja maana mashine yetu ya gemu, Xbox 360, matundu yake yasingetosha. Mama akaja na mtoto begani, akalishika gita, akaligeuza mbele nyuma, akauliza "nyuzi zake ziko wapi?" Nikamwonyesha vile vitufe vitano shingoni, cha kijani, chekundu, cha njano, cha bluu na cha chungwa, na kile kibao cha katikati unachokipiga kwa dole gumba badala ya nyuzi. Akasema haya, akanirudishia.

Dramu ndo ilitukalisha. Miguu ya bomba unaichomeka na kuikaza, juu unaweka zile sahani nne za kupiga, chini unabana pedali ya mguu, shemeji anaunganisha mimi namsomea karatasi, mama kashika bomba lisianguke na mkono wa pili anampigapiga mtoto mgongoni. Tulipowasha kila tunachopiga kinahesabiwa tumekosa! Kumbe TV za bapa zinachelewesha picha kidogo, inabidi uingie kwenye mipangilio uirekebishe mpaka picha na sauti viende sawa. Hiyo ilitula karibu saa nzima, tukaja kukaa sawa dada na mtoto wameshalala.

Tukapiga nyimbo mbili, gita na dramu tu. Maiki iko chini kwenye kapeti. Mama kakaa pembeni anaangalia, nikadhani usingizi umemshika. Mara akauliza, "na hiyo ya kuimbia mbona hamuimbi?" Shemeji akamwelezea kwa heshima kabisa, mama, maneno yanapita hapo juu kwa Kiingereza, lakini gemu haisikilizi maneno, inapima sauti imepanda au imeshuka, ule mstari ukipanda na wewe unapanda, na kale kamshale ndo sauti yako, kaweke juu ya mstari. Mama akauliza, "maneno haiyajui?" Haiyajui mama. "Basi nipe."

Tukachagua wimbo wa taratibu. Hakuwa ameusikia maisha yake yote. Beti la kwanza akaliacha lipite, macho kwenye ule mstari, midomo inatikisika bila sauti. La pili akaingia.

Sijui niielezeeje ile sauti. Mimi mama yangu nilimjua anaimba akichambua mchele, akimbembeleza mtoto, sauti ya chini chini ya mtu mwenye kazi mkononi. Hii ilitoka kwingine. Alinyoosha mgongo, akafumba macho akafumbua, maneno akayatia ya kwake, ya Kiswahili, sijui ya wimbo gani, kitu cha moyo na subira, na kale kamshale kakakaa juu ya mstari kama kamegandishwa. Mwisho wa kila mstari anautikisa ule mtikisiko wa taarabu, kamshale kanatetemeka, kanatoka juu kidogo, kanarudi. Mi nimeacha kuangalia rangi zangu za gita kwenye TV, namwangalia yeye, gita langu likafeli. Kwenye hiyo gemu mmoja akifeli wenzake wana nafasi ya kumwokoa. Shemeji akaita "mama paza sauti hapo!" pana sehemu mwimbaji anaachiwa huru, akapaza, nikarudi mchezoni. Halafu ikaja sehemu ya vidoto kwenye TV, pale unatakiwa uigonge maiki kwa mkono badala ya kuimba. Hakungoja kuambiwa mara mbili. Akailaza kwenye kiganja cha kushoto, vidole vya kulia vikaanza kuipiga kama tari, wepesi, doto moja halikumpita.

Asilimia 94. Mimi na shemeji hatukufika hata 80.

Shemeji anapiga makofi, mimi nikauliza mama, umejifunzia wapi? Akawa anauzungusha waya wa maiki kidoleni. Akasema Tanga enzi zile nani alikuwa haimbi, vikundi vya taarabu tele, Black Star wapo, Lucky Star wapo, kila mtaa una watoto wa kike wanaojaribu. Kisha akasema, "mimi nilikuwa naenda mazoezini mpaka babu yenu alipojua." Hivyo tu. Mtoto akalia chumbani, mama akaniwekea maiki mkononi akaenda.

Nilikuwa na miaka 27. Sikumfuata. Ningeweza kusubiri ambembeleze, nimuulize alikuwa na umri gani, alienda mazoezini mara ngapi, babu alisema nini, yeye alijibu nini. Badala yake shemeji akasema turudie ule wa kwanza, nikarudia. Machi mama akaondoka. Maiki hakuishika tena na mimi sikumpa, nilidhani pengine ndo anavyotaka, na hapo ndipo sina uhakika mpaka leo.

Jana nimempigia Tanga. Nikamuuliza, mama unakumbuka ule usiku uliimba kwenye gemu? Akaniuliza kwanza watoto wamekula. Nikasema wamekula. Akanyamaza kidogo, nyuma yake nasikia kuku na redio ya jirani, akasema "ile maiki bado unayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Haya," akasema. Tukaongea habari za mvua.