Siku moja Mtwara na viingilio 27

Saa 11 alfajiri

Adhana inanikuta macho. Chini ya mto nina madaftari mawili. La bluu ni la pweza, jekundu ni la karata, na hilo jekundu ndilo lililoninyima usingizi. Nimerudi juzi kutoka Dar na bado sijaandika nilichorudi nacho. Nimehesabu mara tatu, kana kwamba hela ingenionea huruma ikaongezeka: 5,400,000. Kiingilio changu mezani ni 200,000, yaani mara 100 ya blaindi kubwa, lile dau la lazima linaloanzisha kila mkono, ambalo ni shilingi 2,000. Gawanya. Viingilio 27. Mwezi wa tatu vilikuwa 34.

Kwa asiyenijua: nilikuwa dila, mgawa karata wa kasino, huko Dar miaka sita, kisha nikarudi nyumbani kununua pweza. Kila baada ya miezi miwili napanda basi, nacheza Omaha, aina ya poka, usiku tano, narudi. Nimeshakwenda Mei, Julai na sasa Septemba. Safari zote tatu nimerudi na pungufu.

Saa 1 asubuhi

Chai, muhogo wa kuchemsha, na ule mkono wa Jumamosi ambao hautaki kunitoka.

Omaha kila mtu hupewa karata nne, na lazima utumie mbili za mkononi, si zaidi wala pungufu, pamoja na tatu za mezani. Karata nne zinakupa namna sita za kuchagua hizo mbili, ndiyo maana kila aliyekaa pale anaona ana kitu. Nilishika ree mbili, mfalme na kumi. Mezani zikafunguka ree ya pau, nane ya uru, tano ya uru. Ree tatu! Kwa dakika ile hakuna mkono uliokuwa unanishinda. Jamaa wa mbele yangu alikuwa na tisa na nne za pau, saba na sita za uru. Hakuwa na kitu mkononi, hata jozi moja. Hela zote zikaingia katikati, poti, yaani rundo la madau, ikafika 1,130,000. Nikamwomba tufungue karata zilizobaki mara mbili, kila mzunguko nusu ya poti. Akakataa, ni haki yake. Ikaja tisa ya shupaza, ikafuata mbili ya kopa. Akawa na mfuatano wa tano hadi tisa, nao unazipiga ree tatu.

Zamani ningewasimulia kwamba niliibiwa. Hesabu inasema vingine. Yeye alihitaji nne, sita, saba au tisa yoyote, au uru, na karata mbili zilikuwa bado hazijaja. Mimi nilikuwa naomba meza ijirudie karata. Ukipiga hesabu mpaka mwisho ni karibu nusu kwa nusu. Nilikuwa mbele, na bado nilikuwa narusha shilingi hewani.

Saa 2 na nusu

Simu. Mshkaji wangu wa Dar, yule anayejua meza zote.

"Oya mwanangu, Alhamisi usikose. Blaindi ni elfu tano, wanakuja wale jamaa wawili wa magari, hawatupi karata hata uwaombe."

Nilimwambia nitamjibu jioni. Kiingilio cha meza ile ni 500,000. Kwa mtaji wangu ni viingilio kumi na chenji, na kwa Omaha hivyo vinaweza kwisha wiki moja bila wewe kukosea chochote. Sasa niseme lililonipitia kichwani, maana ndiyo sababu ya kuandika haya: kwenye laini yangu kuna 3,200,000 ya pweza. Nikiunganisha nina 8,600,000, na jioni hiyohiyo naitwa mtu mwenye mtaji.

Nikaenda kununua barafu.

Saa 3 hadi saa 5

Leo ni bamvua, mwezi umeandama juzi, maji yanakupwa mpaka saa nne hivi. Wachokoaji wa pweza wako mwambani ng'ambo ya Msanga Mkuu na fimbo zao, na mimi sina cha kufanya mpaka warudi. Nilikaa juu ya deli la barafu pale feri nikafungua daftari jekundu.

Hesabu yenyewe ni hii. Wanaofuatilia mchezo wanasema katika hold'em, poka ya karata mbili mkononi, mikono 100 hukutawanya blaindi 80 mpaka 100 juu au chini ya wastani wako. Omaha ni 130 mpaka 160. Nachukua 150. Meza ya ana kwa ana, isiyo ya mtandaoni, haina haraka, tunacheza kama mikono 25 kwa saa. Usiku wa saa nane ni mikono 200, na mtawanyo haukui kwa kuzidisha bali kwa kipeuo cha pili: mikono ni mara mbili ya 100, kwa hiyo 150 mara 1.41, blaindi 212. Yaani kupanda au kushuka viingilio viwili kwa usiku mmoja ni kawaida, wala usimpigie mtu simu kumlilia.

Halafu nikaandika lililonifanya nicheke peke yangu hadi kijana wa boti akageuka. Tuseme mimi ni mchezaji mzuri, najipatia blaindi tano kwa saa baada ya kasino kukata sehemu yake ya kila poti. Kwa saa 100 nategemea 500, lakini mtawanyo ni 750. Mtu mzuri namna hiyo, mara moja kati ya nne, bado atakuwa amepoteza. Ili hofu hiyo ishuke mpaka mara mbili kwa mia zinahitajika saa 1,000. Safari yangu moja ni saa 40. Hizo ni safari 25, zaidi ya miaka minne, ndipo nijue kama najua kucheza!

Mimi ndani ya saa 120 nimepoteza blaindi 700. Kama kweli mimi ni yule mzuri, balaa hilo hutokea mara moja kati ya kumi na saba. Kama ni mtu wa kawaida asiyepata wala asiyekosa, ni mara moja kati ya tano. Ukinilazimisha kuchagua, najishuku.

Saa 6 mchana

Ng'ambo. Pweza wamefika kwenye ndoo, wengine bado wananyoosha mikono ukingoni. Natundika mizani, na yule mama anayenidai kila siku anaanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mizani yako leo imekula?"

"Imekula vipi, mama?"

"Nauliza kama imeshiba, maana jana ilininyang'anya robo kilo."

Nilipima wake mbele ya wote, nikamtoa kwenye ndoano, nikapima tena bila kitu kuonyesha mshale uko sifuri. Kilo mbili na robo. Akasema mshale umelegea. Tukalipana.

Vijana waliokuwa pale wanajua nacheza karata, mmoja akanipa pole: bahati ni kama maji, imekupwa itajaa. Nimelisikia hilo hadi mezani Dar, kwa watu wenye shahada. Lakini bamvua ninaijua kwa mwezi, naweza kukwambia leo ya wiki mbili zijazo itakuwa lini. Karata hazina mwezi. Zikishachanganywa hazikumbuki kama Jumamosi nililia au nilicheka, na hakuna kujaa kunakonidai mimi.

Saa 9 alasiri

Kilo 62 kwenye barafu, zimekabidhiwa kwa mnunuzi wa jumla. Daftari la bluu limepata mstari wake. Kipindi hiki mji mkavu, minada ya korosho bado haijaanza, kila mtu anakopa.

Saa 1 usiku

Kwa dada yangu, Chikongola. Mtaji wa karata unakaa kwenye laini yake. Alipokubali alisema, "Hiyo haramu yako sitakula hata shilingi, lakini ufunguo nitashika mimi." Masharti ni mawili: ombi litolewe siku moja kabla, na ombi la usiku halisikilizwi. Na kuna sharti langu mwenyewe, nililoandika mwezi wa tatu nikiwa nimeshiba na sina hasira: chini ya viingilio 30, sipandi basi mpaka mshahara wa pweza ujaze pengo.

Sikumwambia habari ya Alhamisi. Nilitoa karata mfukoni, nikapanga ule mkono wa Jumamosi juu ya mkeka, ree zangu huku, tisa-saba-sita-nne kule, zile tatu katikati. Nikachanganya zilizobaki, nikafungua mbili. Nikarudia mara 40. Akishinda jamaa naweka korosho kushoto, nikishinda mimi kulia. Dada alikuwa anamenya muhogo wa kukaanga kesho, jicho moja kwangu.

Mwisho: kulia 18, kushoto 22. Haba tu. Lakini katikati, kuanzia mara ya kumi na mbili, korosho saba zilikwenda kushoto mfululizo. Ya nne nilicheka. Ya sita nilijikuta nachanganya karata kwa nguvu, na hapo hakukuwa na hata shilingi kumi.

"Hizo saba," dada akasema, "zingekukuta Dar, ungefanyaje?"

"Ningekupigia uniongezee."

"Saa ngapi?"

"Labda saa nane za usiku."

Akaokota korosho moja ya kushoto, akaila, akaendelea na muhogo wake.

Saa 3 na nusu

Nimemtumia mshkaji ujumbe: "Alhamisi siji, niwekee kiti mwezi wa kumi na moja." Akajibu kwa kicheko na picha ya noti. Daftari jekundu: viingilio 27, pengo 3, yaani 600,000. Kesho maji yatachelewa kukupwa kuliko leo, kwa muda usiofika saa moja, kwa hiyo barafu naweza kuifuata saa tatu. Nimesogeza kengele ya simu.